Prolog yangu inazunguka bila mwisho ilhali mantiki ni sahihi: kosa liko wapi?

> Nipo mwaka wa tatu, sayansi ya kompyuta. Mradi wangu wa kumalizia chuo ni programu ya Prolog, lugha ya kuandika programu kwa kanuni za mantiki, ya kukokotoa mirathi kwa sheria ya Kiislamu, na nimeanza na nasaba ya familia. Darasani tulifundishwa kwamba katika mantiki ya prediketi "A na B" ni sawa na "B na A", kwa hiyo mpangilio hauna uzito. Lakini nikiuliza kuhusu mhenga, SWI-Prolog inakaa kimya kisha inalalamika kwamba staki (kumbukumbu ya hatua ambazo hazijakamilika) imejaa. Mwenzangu alinigeuzia kanuni mbili, ya juu ikawa chini, ikaanza kujibu. Ila nikiuliza jambo lisilo kweli inarudi kulekule. Pili, inaniambia Zuhura ni ndugu wa Zuhura. Tatu, nikiuliza ni nani asiye na mtoto inajibu `false`, wakati wapo wawili. Nimeongeza alama ya `!` hapa na pale bila mafanikio. Je, Prolog ndiyo mbovu au mimi ndiye sijaelewa mantiki? Na kwa zama hizi za mitandao ya neva, kuna faida yoyote ya kuendelea?

Mantiki umeielewa, na Prolog yako ni nzima. Kilichokosekana kwenye somo ni daraja kati ya vitu hivyo viwili. Mantiki inasema lipi linafuata kutoka lipi. Prolog inafanya msako wa uthibitisho, na msako una mwelekeo: kuna pa kuanzia, kuna zamu, na kuna hatari ya kutorudi. Matatizo yako matatu yanatoka hapo, ingawa la tatu ni zito kuliko unavyodhani, hasa kwa mradi wa mirathi. Nitalikalia zaidi.

Nadhani faili lako linafanana na hili:

```
mzazi(mwanaidi, hamisi).
mzazi(hamisi, zuhura).
mzazi(hamisi, juma).
mzazi(zuhura, salama).

mhenga(X, Y) :- mhenga(X, Z), mzazi(Z, Y).
mhenga(X, Y) :- mzazi(X, Y).
```

Alama `:-` inasomeka "ikiwa": kushoto kwake ni kichwa cha kanuni, yaani hitimisho, na kulia ni mwili, yaani masharti. Mstari usio na masharti, kama `mzazi(hamisi, juma).`, huitwa hakika, na herufi kubwa kama X ni vigeu, nafasi za majina yasiyojulikana bado. Kimantiki hakuna cha kulaumu. Kanuni ya kwanza inasema: kwa kila X, Y na Z, ikiwa X ni mhenga wa Z, na Z ni mzazi wa Y, basi X ni mhenga wa Y. Zingatia kwamba Z haimo kwenye kichwa cha kanuni, imo mwilini tu. Kigeu cha namna hiyo unaweza kukisoma "yupo Z fulani ambaye…", maana ile "kwa kila Z" ikihamia ndani ya sharti hugeuka kuwa "yupo Z". Ni kanuni safi ya aina iliyopewa jina la Alfred Horn: masharti mengi yakitaka, hitimisho moja tu.

Sasa isome kama mashine inavyoisoma. Unapouliza `mhenga(mwanaidi, salama)`, Prolog huchukua kanuni ya juu kabisa ambayo kichwa chake kinaoana na swali, kisha huanza na sharti la kushoto kabisa. Sharti hilo ni `mhenga(mwanaidi, Z)`. Ili ilithibitishe, inachukua tena kanuni ya juu kabisa, inakuta sharti la kushoto ni `mhenga(mwanaidi, Z1)`, halafu `mhenga(mwanaidi, Z2)`, na kuendelea. Hakuna hata hakika moja iliyoguswa. Kila hatua inaacha kumbukumbu kwenye staki, na kwa mipangilio ya kawaida ya SWI-Prolog kwenye mashine za biti 64, staki ikifika gigabaiti 1 unapata ule ujumbe.

Mfikirie mtu anayetafuta nyumba katika vichochoro vya Mji Mkongwe kwa sharti moja: kila njia panda anashika njia ya kushoto, na harudi nyuma mpaka agonge ukuta. Vichochoro vikiwa na mwisho, mtu huyu atazipitia nyumba zote. Akiingia kichochoro kisicho na mwisho, nyumba anayoitafuta inaweza kuwa hatua tatu nyuma yake, kulia, na hataiona kamwe.

Kwa nini watengenezaji walichagua msako wa namna hii? Kwa sababu ya kumbukumbu ya kompyuta. J. Alan Robinson alichapisha mwaka 1965 mbinu ya uthibitisho iitwayo resolusheni, iliyobuniwa makusudi kwa ajili ya mashine. Robert Kowalski, akiwa Edinburgh, alionyesha kwamba kanuni za Horn zikithibitishwa kwa mbinu hiyo zinaweza kusomwa kama maagizo ya programu, na mwaka 1972 Alain Colmerauer na Philippe Roussel huko Marseille wakapata Prolog ya kwanza. Msako unaokwenda kina kwanza unahitaji kukumbuka njia moja tu na njia panda zilizo juu yake. Ule unaokwenda upana kwanza hauwezi kunasa kwenye kichochoro kisicho na mwisho, lakini lazima ubebe njia zote kwa pamoja, na idadi yake hukua kwa kasi ya kutisha. Walichagua wepesi, wakamwachia mwandishi wa programu jukumu la mpangilio.

Kuna maelezo mengine ambayo huenda umeyasikia, kwamba programu inazunguka kwa sababu mantiki ya prediketi haiamuliki, kama Alonzo Church na Alan Turing walivyothibitisha mwaka 1936. Ni kweli kwamba hakuna utaratibu wa jumla unaoweza kuamua kila swali la mantiki hiyo. Lakini swali lako halimo humo. Faili lako lina majina matano na halina vitendakazi vya kujenga vitu vipya, kwa hiyo jozi zinazoweza kuwa za mhenga na kizazi chake ni 25, basi. Mtu mwenye kalamu angezimaliza zote kabla chai haijapoa. Kuzunguka kwako kunatokana na namna ya kusaka, na namna ya kusaka inaweza kubadilishwa.

Alichofanya mwenzako ni kuipandisha juu kanuni fupi. Kwa hiyo sasa Prolog inagusa hakika kwanza, na majibu ya kweli yanatoka. Lakini iulize kama salama ni mhenga wa mwanaidi, au upate jibu la kweli kisha ubonyeze nukta mkato kutaka jibu jingine, na kichochoro kilekile kipo kinasubiri. Hili ulishike vizuri: mpangilio wa kanuni, ipi juu ipi chini, hubadilisha jibu lipi litangulie. Mpangilio wa masharti ndani ya kanuni ndio unaoamua kama msako mzima utakwisha. Rekebisha hivi:

```
mhenga(X, Y) :- mzazi(X, Y).
mhenga(X, Y) :- mzazi(X, Z), mhenga(Z, Y).
```

Sasa kabla kanuni haijajiita yenyewe, lazima ishuke kizazi kimoja kupitia hakika halisi. Salama hana mtoto kwenye faili, kwa hiyo `mzazi(salama, Z)` inashindwa papo hapo na swali linajibiwa `false`.

Ili usibahatishe siku nyingine, tumia mbinu ya kupachika `false`. Ukishuku kanuni fulani, andika `false` baada ya sharti mojawapo, hivi:

```
mhenga(X, Y) :- mhenga(X, Z), false, mzazi(Z, Y).
```

Yote yaliyo kulia kwa `false` hayatafikiwa kamwe, kwa hiyo hayawezi kuwa na hatia. Ukiuliza tena na programu bado ikazunguka, chanzo kiko kushoto. Ukiendelea kusogeza `false` kuelekea kushoto, na kuiweka kwenye kanuni nyingine pia, unabaki na kipande kidogo ambacho peke yake kinatosha kuleta mzunguko, na hicho ndicho cha kutibu. Kwa programu za kujirejea naipenda mbinu hii kuliko `trace`, amri inayoonyesha kila hatua ya msako, kwa sababu `trace` itakumwagia mistari elfu moja ya `Call` (swali limeanza) bila `Exit` (swali limefaulu) hata moja, na macho yatachoka kabla hujaona kitu. Vilevile anzisha SWI-Prolog kwa `swipl --stack-limit=100m` unapofanya majaribio, ili mzunguko uonekane mapema badala ya kuzorotesha kompyuta nzima.

Hata mpangilio sahihi una mwisho wa uwezo wake. Mtu akiingiza kimakosa `mzazi(salama, mwanaidi)`, nasaba inakuwa duara, na kanuni yako nzuri itazunguka nalo. Hali hiyohiyo utaikuta kwenye data yoyote ambayo kwa asili yake ina duara, kwa mfano barabara: kutoka Chalinze unakwenda Morogoro na kutoka Morogoro unarudi Chalinze. Dawa yake ni mstari mmoja juu ya faili:

```
:- table mhenga/2.
```

Hapo Prolog inaweka jedwali la maswali iliyokwisha kuuliza na majibu yaliyopatikana. Ikikutana na swali ambalo tayari liko njiani, haiingii tena. Inasubiri majibu kutoka kwenye jedwali. Kwa data yenye majina yenye kikomo, msako utakwisha, hata kwa ile kanuni yako ya kwanza kabisa. Kwa nini basi usiweke jedwali kila mahali? Kwa sababu linakula kumbukumbu, halichanganyiki vizuri na kanuni zinazochapisha au kubadili data, na linaweza kukuficha kosa la data. Kwenye nasaba duara ni kosa, kwa hiyo ukishaweka jedwali uliza `mhenga(X, X)`. Jibu linatakiwa kuwa `false`. Ukipata jina, tafuta nani aliingiza hakika gani.

Tuje kwa Zuhura na undugu wake na nafsi yake. Kanuni yako bila shaka ni:

```
ndugu(X, Y) :- mzazi(Z, X), mzazi(Z, Y).
```

Hapa hata mantiki ya ubaoni ingekupa jibu lilelile. Hakuna popote inaposemwa kwamba herufi mbili tofauti lazima ziwe watu wawili tofauti. Sharti hilo ni lako kuliandika, na mahali pa kuliandika pana mtego. Wengi huandika `X \= Y` mwanzoni mwa mwili wa kanuni. Alama hiyo haimaanishi "hawa ni tofauti". Inamaanisha "hawa, kwa sasa hivi, hawawezi kuoanishwa". Kigeu kilicho wazi kinaoana na chochote, kwa hiyo `ndugu(zuhura, Y)` itashindwa mara moja, ilhali `ndugu(zuhura, juma)` itajibu kweli. Programu inayokubali jibu ukiipa na kulikana ukiiomba ilitafute ni dalili kamili ya kosa hili. Weka `X \= Y` mwishoni, baada ya vigeu kupata thamani, au bora zaidi tumia `dif(X, Y)`, ambayo unaweza kuiweka popote: yenyewe husubiri mpaka watu wajulikane, kisha hukagua.

Ukishaingiza baba na mama wote wawili, kila ndugu atatokea mara mbili, mara kwa upande wa baba, mara kwa upande wa mama. Hilo ni sahihi. Prolog hukupa jibu moja kwa kila uthibitisho, na kuna thibitisho mbili. Ukitaka orodha isiyorudia, ikusanye kwa `setof`. Kwa mirathi utahitaji pia kutenganisha ndugu wa baba na mama, wa baba tu, na wa mama tu, kwa kuwa mafungu yao hayafanani. Hivyo kanuni moja ya `ndugu` haitakutosha.

Sasa lile la tatu. Umeandika kitu kama:

```
asiye_na_mtoto(X) :- \+ mzazi(X, _).
```

Ukiuliza `asiye_na_mtoto(salama)` inakubali. Ukiuliza `asiye_na_mtoto(X)` inakataa. Alama `\+` haikanushi kama unavyokanusha kwenye mantiki ya ubaoni. Inachofanya ni kujaribu kuthibitisha kilicho mbele yake. Ikifaulu inashindwa, ikishindwa inafaulu. X ikiwa wazi, kilicho mbele yake kinasomeka "yupo mtu yeyote aliye mzazi wa yeyote?" Yupo, mwanaidi. Kwa hiyo `\+` inashindwa na unapata `false`. Wewe uliuliza "nani si mzazi?", yenyewe ikasikia "je, hakuna mzazi hata mmoja?" Tiba ni kumpa X thamani kwanza:

```
mtu(X) :- mzazi(X, _).
mtu(X) :- mzazi(_, X).

asiye_na_mtoto(X) :- mtu(X), \+ mzazi(X, _).
```

Utapata juma na salama. Kanuni ya kufuata daima: kigeu kisiingie ndani ya `\+` kikiwa wazi, isipokuwa kile cha kistari cha chini unachokusudia kisomeke "yeyote".

Hiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Uzito uko hapa. Keith Clark alipoeleza ukanushaji huu mwaka 1978, msingi wake ulikuwa kulichukulia faili kama maelezo kamili: kilichoandikwa, na kinachofuata kutoka humo, ndicho cha kweli, na kingine chochote si kweli. Kwa ratiba ya mabasi dhana hiyo inafaa, maana basi ambalo halimo kwenye ratiba halipo. Kwa mirathi inaweza kumdhulumu mtu. Mke wa marehemu hupata thumni, 1/8, marehemu akiacha mtoto, na robo, 1/4, asipoacha. Programu ya haraka, M akiwa marehemu na F fungu la mke, itakuwa hivi:

```
fungu_la_mke(M, F) :- mzazi(M, _), F is 1 rdiv 8.
fungu_la_mke(M, F) :- \+ mzazi(M, _), F is 1 rdiv 4.
```

Ina makosa mawili ambayo hayatoi ujumbe wowote wa kosa. La kwanza: hamisi ana watoto wawili, kwa hiyo kanuni ya juu inafaulu mara mbili, na ukijumlisha mafungu kwa `findall`, inayokusanya majibu yote, thumni itahesabiwa mara mbili. Watoto saba, mara saba. Ifunge kwa `once(mzazi(M, _))`, kwa kuwa unataka kujua kama yupo mtoto, hutaki kuwahesabu. La pili ni baya zaidi. Ikiwa karani alisahau kuingiza mtoto, au mtoto anaishi mbali na hajaorodheshwa bado, programu haitasema "sijui". Itampa mke robo bila kusita, na mtoto hatapata kitu. Kutojua kumegeuzwa kuwa hakika.

Kwa mradi wako ningekushauri hali tatu badala ya mbili:

```
:- dynamic imethibitishwa_hana/1.

hali(M, ana) :- once(mzazi(M, _)).
hali(M, hana) :- imethibitishwa_hana(M), \+ mzazi(M, _).
hali(M, haijulikani) :- \+ mzazi(M, _), \+ imethibitishwa_hana(M).
```

Hapo `imethibitishwa_hana` inaingizwa na mtu aliyeuliza familia na kupata jibu. Mstari wa `dynamic` unahitajika. Bila huo, kama hakuna hata hakika moja ya namna hiyo, Prolog italalamika kwamba prediketi hiyo (jina la uhusiano, kama `mzazi`) haipo. Kanuni ya fungu ikikuta `haijulikani`, isitoe namba. Itoe orodha ya yanayopaswa kuulizwa. Iite ukiwa umeshampa M jina, kwa sababu `once` na `\+` zote hazifai kwa M iliyo wazi. Na usisahau kwamba katika suala la fungu la mke, watoto wa mwana wa kiume nao wanaingia kwenye hesabu ya "ameacha mtoto", kwa hiyo `mzazi` peke yake bado haitoshi.

Kuhusu `rdiv`: inakupa sehemu kamili, na SWI-Prolog huandika thumni kama `1r8`. Ukitumia `/` utapata desimali, na theluthi haziishi kwenye desimali. Utakapofika kwenye awli, ambapo mafungu yanazidi moja, utashukuru. Mume mwenye 1/2 na dada wawili wa baba na mama wenye 2/3 wanafanya 7/6, na hapo mgawo unashushwa kuwa 3/7 na 4/7. Kwa desimali hutajua kama ile tofauti ndogo ni awli au ni kompyuta imekadiria tarakimu za mwisho. Kumbuka pia ni `is` inayokokotoa. Ukiandika `F = 1 rdiv 8` utahifadhi maneno hayo yalivyo, bila hesabu.

Ile alama ya mshangao, `!`, iondoe yote kwa sasa. Kazi yake ni kumwambia Prolog asahau njia panda alizopita. Ukiiweka baada ya `mzazi(X, Y)` katika kanuni ya mhenga, swali `mhenga(hamisi, Y)` litakupa zuhura na kunyamaza. Juma na salama wamepotea. Na kwa swali lisilo la kweli haikusaidii chochote, kwa kuwa msako hauifikii. Inafaa pale unapojua kwa yakini kwamba jibu ni moja, na hata hapo `once` au mshale wa `->` huonyesha nia yako wazi zaidi. Kuipachika mpaka programu inyamaze ni kuzima king'ora.

Jambo dogo ambalo hukuliuliza lakini huwapata wengi: majina ya watu yaanze na herufi ndogo. `mzazi(Hamisi, Juma).` ni vigeu viwili, na maana yake ni kwamba kila kitu ni mzazi wa kila kitu. Prolog itakuonya kuhusu vigeu vilivyotokea mara moja tu; onyo hilo ni la kusoma, si la kupuuza. Ukihitaji herufi kubwa ziendane na cheti, tumia alama za mtajo: `'Hamisi'`. Na usiache nafasi kati ya jina la prediketi na mabano yake.

Kama kuna faida ya kuendelea? Kwa kazi hii, ndiyo, na nisingekushauri hivyo kwa kila kazi. Lugha hii ilishawahi kubebeshwa ahadi kubwa kuliko mabega yake: Japani ilianzisha mradi wa Kompyuta za Kizazi cha Tano mwaka 1982, ikaujenga juu ya uandishi wa programu wa kimantiki, na miaka kumi baadaye ukafikia kikomo bila kuleta mapinduzi yaliyotarajiwa. Kutambua sura, kusikiliza sauti, kutafsiri matini, hayo mitandao ya neva imeyachukua, na mantiki haitayarudisha. Hakuna anayeweza kuandika kanuni za "hiki ni paka" zikatosha.

Mirathi ni kitu cha aina nyingine. Kanuni zake zimeshaandikwa, zina idadi inayojulikana, zinagongana kwa namna zinazojulikana, na kila mrithi ana haki ya kuuliza "kwa nini mimi nimepata hiki?" Programu ya Prolog inaweza kutoa mlolongo wa kanuni zilizotumika, hatua kwa hatua. Modeli ya lugha itakupa maelezo yanayopendeza masikioni, na fungu ambalo huenda ni sahihi na huenda si sahihi, bila njia ya uhakika ya kuonyesha lilivyopatikana. Zinaweza pia kushirikiana. IBM ilitumia Prolog ndani ya mfumo wake wa Watson, ulioshinda mashindano ya maswali ya televisheni mwaka 2011, kwa kuchambua muundo wa sentensi. AlphaGeometry ya Google DeepMind, iliyotangazwa Januari 2024, ina modeli ya lugha inayopendekeza mistari ya kuchora na injini ya mantiki inayothibitisha. Kwako wewe, modeli inaweza kusoma maelezo ya familia yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida na kupendekeza hakika za `mzazi`, kisha mtu azikague, kisha Prolog ikokotoe. Ukaguzi huo wa katikati usiuruke. Hakika moja ikisomwa vibaya, injini ya mantiki itaibeba kwa uaminifu mpaka kwenye fungu la mwisho.

Nenda kwa msimamizi wako ana kwa ana ikiwa, baada ya kubadili mpangilio na kupachika `false`, kipande kinachozunguka bado hukielewi. Usimpelekee faili zima. Mpelekee kipande hicho, hakika zisizozidi tano, na maswali manne yaliyojaribiwa pamoja na majibu yake: moja la kweli lenye majina yote, moja lisilo la kweli lenye majina yote, moja lenye kigeu kimoja wazi, na moja lenye vigeu vyote wazi. Kwa maswali hayo mtu mwenye uzoefu ataona tatizo kwa dakika chache.

Upande wa sheria, usiamini kanuni ulizoziokota mwenyewe, hata kama programu inazitekeleza barabara. Kaa na sheikh au mwalimu aliyebobea katika elimu ya mirathi, mpe masuala yenye majibu yaliyokwisha kujulikana, ya awli yakiwemo, uone kama programu inafika palepale. Madhehebu zina tofauti katika baadhi ya masuala, kwa hiyo andika kwenye ripoti umefuata ipi. Na ikitokea familia halisi ikataka kuitumia programu kabla ya kwenda kwa kadhi au mahakamani, waambie matokeo yake ni rasimu ya mazungumzo, na uwape pamoja nayo ile orodha ya `haijulikani`.